Mwalo FM: Marehemu Anapiga Simu

Simu tuliyoiacha ikilia juma lililopita ilipokelewa, msomaji wangu, na aliyeipokea hajapata usingizi mzuri tangu siku hiyo.

"Haloo, Mwalo FM," alisema Mwanaupe Shomari, kwa sauti ya mwanamke ambaye kazi yake humwamsha kabla ya jogoo.

"Ni wewe umesoma matangazo ya vifo sasa hivi?"

"Ndiye mimi, baba. Pole kwa msiba."

"Usinipe pole. Mimi ni Magige Mhoja wa Mugeta. Mimi ndiye marehemu."

Bahati ni kwamba wimbo ulikuwa unapigwa na simu haikuwa hewani. Mwanaupe alivua hedifoni, akazivaa tena. Majina yote aliyosoma asubuhi ile aliyakumbuka, na la Magige lilikuwa la kwanza.

"Mzee, kama ni utani..."

"Utani gani? Umesema nimefia Ukerewe, mwili unasubiriwa, nazikwa leo saa kumi. Mimi niko Kisorya, nakunywa chai!"

Kwa wewe unayelifungua gazeti hili leo tu, nikusogeze kidogo. Mwalo FM ilianzishwa na marehemu Mzee Shomari, baba yake Mwanaupe, fundi redio wa Iringo, mjini Musoma, ghorofani juu ya duka la vitenge. Kabla ya hapo alikuwa na spika moja ya kuazima, akitangaza mwaloni, boti za samaki zinapotua, bei ya sato na watoto waliopotea. Watu walicheka alipoomba leseni. Baadaye mji mzima ulikuwa ukinyamaza akianza kuongea.

Halafu zikaja redio kubwa kutoka Dar na Mwanza, na zawadi zao na vichekesho vyao, zikachukua matangazo ya biashara moja baada ya jingine. Vijana wakahamia kwenye simu. Mwalo FM ikabaki na saa moja tu ya maana, ile ya asubuhi ya matangazo ya vifo. Saa hiyo, kutoka Kisorya mpaka Butiama, mtoto akilia anapewa titi au anapelekwa nje. Anayesoma ni Mwanaupe, na akisema mtu amekufa, watu huanza kutafuta nauli bila kuuliza mara mbili.

Mzee Shomari aliacha sheria mbili. Tangazo la kifo linaletwa na watu wawili, mmoja wa ndugu na mmoja jirani. Na likikosewa, linarekebishwa papo hapo na yule yule aliyelisoma.

Sheria ya kwanza Mwanaupe alikuwa ameivunja jana mchana. Alikuja mama mmoja peke yake, Boke, mke wa Magige, kanga kichwani, machozi mpaka kidevuni. Mwanaupe alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na nani angemwambia mjane akatafute shahidi? Alilisoma jioni ile, akalirudia asubuhi.

Sasa alitaka kuiokoa sheria ya pili. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha maikrofoni.

"Tulia hapo hapo, mzee. Nakurekebisha sasa hivi."

"Mama, acha! Usinifufue kwanza!"

Kidole kikasimama.

"Unasemaje?"

"Niache hivyo hivyo nimekufa. Mpaka mchana tu."

"Mzee Magige, huko kwako watu wanalia!"

"Wacha walie, hawajawahi kunililia." Mzee alikohoa. "Sikiliza. Simu yangu iliingia maji huko Ukerewe. Nimeshuka kwenye kivuko, nimeketi na chai, nasikia nimekufa. Nikaazima simu ya huyu mama wa chai nikampigia mdogo wangu Renatus. Akapiga kelele, akakata. Nikapiga tena. Ndiyo akaniambia Elias yuko njiani."

"Elias ndiye nani?"

Sauti ya mzee ilishuka.

"Mwanangu wa kwanza. Aliondokaga nyumbani miaka mingi, Butiama haijawa wilaya, ikiwa bado Musoma Vijijini. Tulikosana, mambo ya ng'ombe. Hajapiga simu, hajatuma hata salamu. Wadogo zake wameoa, hakuja. Sasa kasikia nimekufa, kapanda gari huko machimboni usiku usiku, anakuja kunizika. Akisikia nipo hai kabla hajafika nyumbani, anageuza. Namjua. Ni mimi mtupu."

Mwanaupe aliegemeza paji la uso kwenye meza. Upande wa pili wa ukuta waliketi wageni kutoka Mwanza, wanaume wawili wenye viatu safi, waliokuja kuinunua Mwalo FM. Muziki, habari, kila kitu kingetoka Mwanza. Walikubali kuacha kitu kimoja tu, ile saa ya vifo na sauti ya Mwanaupe, kwa sababu sauti hiyo haijawahi kusema uongo. Saa hiyo ndiyo pekee iliyobaki kuwa yake, na walitaka kuweka sahihi leo.

"Mpaka aingie uwanjani kwangu tu, mama," mzee aliomba. "Nakuomba kama binti yangu."

Angekuwa mtu mwingine angekata simu. Mwanaupe alimkumbuka baba yake, akajibu kabla akili haijamzuia.

"Nenda ukajifiche. Mimi nakuja Mugeta."

Hakuwa hata amesimama vizuri mlango ukafunguliwa. Ni kaka yake, Abubakary, meneja wa redio, na jasho jembamba juu ya mdomo.

"Mwanaupe, nimepigiwa simu na mtu wa Kisorya. Anasema marehemu wetu yuko stendi anakula maandazi."

"Najua."

"Unajua? Astaghfirullahi! Unajua na unapiga muziki?"

Alimweleza kwa kifupi. Abubakary alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Rekebisha sasa hivi. Wale watu wa Mwanza wananunua jambo moja tu hapa, kwamba tukisema mtu amekufa, amekufa."

"Nipe mpaka taarifa ya saa saba, kaka. Nakwenda mwenyewe. Nitasimama mbele ya wafiwa niseme nimekosea, kisha nitasema hewani."

"Wafiwa gani? Hakuna aliyekufa!"

"Ndiyo shida yenyewe."

Abubakary alicheka bila kutaka, kisha akaketi kwenye kiti cha mtangazaji kama gunia lililotupwa.

"Wallahi nimechoka na redio hii."

"Na mimi nimechoka."

"Baba alituachia mzigo."

"Alituachia." Mwanaupe alichukua ufunguo wa gari. "Saa saba, kaka. Niahidi."

"Saa saba. Nenda."

Aliahidi, msomaji. Hilo lishike.

Kigari cha redio kilishika njia ya Butiama kikilalamika kila mlima. Mwanaupe hakuwasha redio. Alikuwa anafikiria atakavyosema, na kila sentensi aliyoijaribu ilikuwa na aibu ndani yake.

Mugeta alikuta msiba umekamilika, umekosa maiti tu. Turubai limefungwa, masufuria yanachemka, kaburi limechimbwa kando ya migomba, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Juu ya kigoda karibu na kaburi waliweka redio, Mwalo FM, wakisubiri kusikia gari la maiti limefika wapi.

Alipotoa salamu, bibi mmoja alishika mkono wake akaukumbatia kifuani.

"Ni yule wa redio! Mama, mume wangu ulimtangaza wewe. Watu walikuja mpaka wa Tarime. Mungu akupe nini?"

Mwanaupe alitamani ardhi immeze.

Boke alimwona. Akamvuta nyuma ya jiko, kwenye moshi.

"Mama Boke," Mwanaupe alianza, "nina habari nzito. Mzee yupo hai. Amenipigia akiwa Kisorya, anarudi..."

"Najua yupo hai," alisema Boke.

Soma tena kama hukuelewa. Mwanaupe mwenyewe ilibidi aombe arudiwe.

"Alikwenda Ukerewe kwa rafiki yake, mzima kabisa," Boke alisema, machozi hakuna tena. "Simu yake ilipozimika nikasema ndiyo nafasi. Kumbe anarudi leo! Sikulitegemea hilo."

"Ulinililia mpaka nikalia na mimi!"

"Nilikuwa namlilia Elias. Yale hayakuwa ya uongo." Alimsogezea uso, na Mwanaupe akaona ukungu mweupe katikati ya macho yote mawili. "Ni mtoto wa jicho. Hili la kushoto limefunga, hili la kulia linafunga. Nilimtumia watu mwanangu, hakuja. Nikasema nikitangaza mimi ndiye nimekufa, akija namfurahiaje? Basi nikamuua baba yake. Nataka nimwone nikiwa bado naona, mama. Baada ya hapo mnifanye mnavyotaka."

Mwanaupe alikuwa na hasira, tena ya haki. Lakini hasira nayo inataka nguvu, na yeye nguvu zilikwisha zamani.

Kabla hajapata la kusema, pikipiki iliingia uwanjani.

Aliyeshuka alikuwa mwanamume wa makamo, ndevu zimeanza mvi, koti la machimboni limejaa vumbi. Hakusalimia mtu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kaburi, akatazama chini.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko njiani, anatoka Kisorya," alijibu Renatus, mdogo wake Magige, akitazama miguu yake. Yeye alijua, na alikuwa amemnong'oneza Mwanaupe peke yake, kwamba kaka yake amekwisha kufika na amejificha nyumbani kwa huyo huyo Renatus, nyuma ya ua.

Elias akapiga magoti. Aliokota udongo akaukamua mkononi, kisha akalia, kile kilio cha mwanaume kisicho na sauti. Boke alimfikia kwa kupapasa. Alimshika uso kwa mikono miwili, akauvuta karibu kabisa na jicho lile la kulia, akautazama.

"Umezeeka," alimwambia. "Ona sasa. Umezeeka."

Mwanaupe aligeuza uso pembeni. Ilibaki kumwashiria Renatus akamtoe mzee, taratibu, Elias akiwa amekwisha kumshika mama yake. Alikuwa ameinua mkono.

Wimbo ukakatika. Saa saba ilikuwa bado mbali.

"Wasikilizaji, Mwalo FM inaomba radhi," ilisema redio pale kwenye kigoda, kwa sauti ya Abubakary. "Tangazo la kifo cha Mzee Magige Mhoja wa Mugeta halikuwa la kweli. Mzee Magige yupo hai na ameonekana Kisorya. Mtangazaji aliyehusika, Mwanaupe Shomari, ameondolewa kazini kuanzia sasa."

Alikuwa akisoma kama mtu aliyesimamiwa mgongoni. Lakini alisoma mpaka mwisho.

Mwanaupe alisimama na mkono wake hewani, hana kazi, na watu waliompokea kwa heshima sasa hivi wanamtazama.

Elias aliinuka. Aliitoa mikono ya mama yake usoni pake, polepole, kidole kwa kidole.

"Mlikula ng'ombe zangu," alisema. "Sasa mmekula mpaka machozi yangu."

Akaibeba ile redio kwa mkono mmoja, akaitupa kaburini. Ilitua kwa kishindo lakini haikufa. Ilianza wimbo wa harusi huko chini. Elias aliifuata pikipiki yake akaiwasha.

"Elias."

Mzee Magige alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, kofia mkononi. Wanawake walipiga mayowe. Mmoja aliruka sufuria la ugali, mwingine hakuliona akaanguka nalo chini. Mzee hakuwatazama. Alitembea mpaka mbele ya tairi la pikipiki akasimama hapo.

"Toka," alisema Elias.

"Zile ng'ombe za mahari ya Prudence zilikuwa zako. Dada yako kaolewa ili wewe uoe, kila mtu alijua. Mimi nikazichukua nikaoa mke mwingine, na mke mwenyewe hakukaa." Mzee alimeza mate. "Nilikosea."

Mzee wa rika lile kulisema neno hilo mbele ya ukoo ni jambo ambalo Mugeta hawajawahi kulisikia. Hata waliokuwa wanakimbia walisimama.

"Ungeniambia hilo kwa simu," alisema Elias.

"Ungepokea?"

Injini iliendelea kunguruma, lakini Elias hakuondoka.

"Nani alilitangaza?" aliuliza hatimaye. "Nani kakaa chini akapanga kunifanya mjinga?"

Renatus alipata sauti. "Na sisi tunataka tumjue. Mke akimzushia kifo mume aliye hai, kwetu anarudishwa kwao siku hiyo hiyo, hata awe bibi. Na kama ni mtoto wa kiume aliyemfanyia hivyo baba yake..." Hakumalizia. Macho ya watu yalianza kutafuta, na mengi yalikuwa yanaelekea kwa Boke, aliyesimama bila kuona nani anamtazama.

"Mimi," alisema Mwanaupe.

Lilitoka kwa sauti ile ile ya asubuhi, tulivu, iliyozoeleka kila nyumba.

"Nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Sikuuliza jina lake, sikuuliza shahidi. Nikatangaza tu. Mama huyu alisikia redioni kama ninyi mlivyosikia."

Abubakary alikuwa amemnyang'anya kazi. Jina alikuwa bado nalo, na hapo akalitoa kwa mkono wake mwenyewe. Mtu anayetangaza kifo kwa simu ya mtu asiyemjua hatasikilizwa tena, si Musoma wala kokote.

Yule bibi aliyemkumbatia alimsogelea.

"Umetangaza tu?"

"Ndiyo, bibi."

"Kaka yangu naye alifia kambi ya uvuvi, ziwani, mwili haukupatikana. Nilijua amekufa kwa sababu ulisema wewe. Sasa nishike lipi mimi?"

Katika yote yaliyomfika siku ile, hili ndilo lililomwuma Mwanaupe zaidi.

Lakini Elias alizima pikipiki. Labda kwa sababu mwongo alikuwa mgeni na si mama yake. Labda naye alikuwa amechoka, maana uchovu haukuwa wa Mwanaupe peke yake uwanjani pale. Alishuka, akampita baba yake bila kumgusa, akarudi kwa Boke na kuiweka mikono ya mama yake usoni pake, pale pale alipoitoa. Mzee Magige alivaa kofia yake ili ashushe ukingo machoni.

Boke aligeuza kichwa kuelekea aliko Mwanaupe. Alifungua mdomo aseme kweli. Mwanaupe alitikisa kichwa, kisha akakumbuka haonekani, akamsogelea akamnong'oneza, "Usinishukuru, mama. Nyamaza tu."

Sasa kaburi. Kwa ukoo wa Magige kaburi likichimbwa halifukiwi tupu, maana litamtafuta mtu wa kulala ndani yake. Hukatwa mgomba ukazikwa kwa heshima zote. Vijana walikwisha kushika panga. Renatus akachungulia shimoni na kuwazuia.

"Mgomba wa nini? Redio ndiyo iliyosema uongo. Redio izikwe."

Wazee walitazamana, wakakubali. Makoleo yakashikwa.

Mwanaupe alipaswa kuondoka. Alibaki. Aliona si haki kuizika Mwalo FM bila mtu wa nyumbani kwao kuhudhuria. Udongo ulianza kuanguka juu ya kile kidude, na kile kidude kikaendelea kuimba, kwa ubishi wa marehemu baba yake. Hakulia. Alitaka tu kwenda Iringo akalale.

Wimbo ukakatika tena.

"...habari za kusikitisha zilizotufikia hivi punde..."

Haikuwa sauti ya Abubakary. Ilikuwa ya mwanamume ambaye Mwanaupe hajawahi kumsikia kwenye redio ile, yenye lafudhi ya watu wa Mwanza, nayo inatetemeka. Koleo likamwaga udongo.

"...ghafla, hapa hapa studio... habari zimfikie dada wa marehemu, Mwanaupe Shomari, popote alipo..."

Koleo lingine likamwaga. Sauti ikazama.

"Acheni!" Mwanaupe aliruka ndani ya kaburi. Alifukua kwa kucha, udongo unamwingia machoni, mpaka akaipata redio. Aliitikisa, akaipiga kofi, akaiweka sikioni. Ilikuwa imekufa kweli safari hii.

Juu yake waliinama watu wote wa msiba ule usio na maiti. Boke alikuwa mbele yao, ameshikwa mkono na mwanawe.

"Labda wanakuita tu, mama," Boke alisema kwa sauti ya chini. "Labda ni kukuita tu urudi. Kama nilivyomwita wangu."

Mwanaupe alikuwa na kaka mmoja tu duniani. Akiwa amepiga magoti mle shimoni, redio kifuani, yeye aliyeilinda saa ile ya asubuhi miaka yote isiseme neno lisilo kweli, alimwomba Mungu Mwalo FM iwe imesema uongo.